Harufu ya Choo cha Paka Ndani ya Nyumba: Feni, Chujio la Mkaa, Ozoni au Sanduku Linalojisafisha?

Paka wengi wa Mwanza hujisaidia nje, kwenye mchanga wa uani au katikati ya mawe, na mwenye nyumba hajui wala hahitaji kujua ni wapi. Hali hubadilika pale paka anapolazimika kulala ndani, kwa sababu majirani wametega sumu ya panya, au nyumba iko ghorofani, au geti linafunguka moja kwa moja barabarani. Hapo beseni la mchanga huingia ndani na harufu yake, na mtu huanza kuuliza kama kuna kifaa cha umeme kitakachoiondoa.

Vifaa hivyo viko na huuzwa kwa majina mengi, lakini ukivitazama kwa namna vinavyofanya kazi utaona ni vya aina nne tu: vinavyoitoa hewa nje, vinavyoichuja na kuirudisha chumbani, vinavyomwaga kitu hewani ili kipambane na harufu, na vinavyoondoa uchafu wenyewe. Nimeishi na paka wawili katika nyumba ya kupanga Nyegezi kwa miaka minne, na nimetumia vya aina tatu za kwanza. Cha aina ya nne nimekiona kwa rafiki. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa nyumba nyingi za huku, feni ndogo inayovuta hewa kutoka kwenye choo chenyewe na kuitupa nje inavishinda vingine kwa ufanisi na kwa gharama, na kifaa cha ozoni hakifai kuwashwa ndani ya nyumba yenye watu na wanyama. Kilichobaki kati ya hivyo viwili ndicho kinachohitaji kupimwa kulingana na nyumba ya mtu.

Harufu yenyewe si moja

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kudhani kwamba harufu ya choo cha paka ni kitu kimoja. Kinyesi hunuka papo hapo, kutokana na misombo ya salfa na ya indoli iliyotengenezwa na bakteria wa utumbo, na harufu hiyo hupungua sana kikishafukiwa. Mkojo huenda kinyume. Unapotoka hauna harufu kubwa, lakini bakteria wakishaanza kuivunja urea iliyomo kwa kimeng'enya kiitwacho urease hutoka amonia, ile inayochoma macho asubuhi mlango unapofunguliwa. Paka wa huku anayelishwa dagaa na vichwa vya sangara hula protini nyingi, na nitrojeni inayozidi mahitaji ya mwili wake hutoka kama urea. Kwa hiyo beseni lake lina malighafi ya kutosha ya amonia.

Mkojo wa paka una pia asidi amino iitwayo felinini, ambayo ikivunjika hutoa misombo ya salfa yenye harufu kali na ya kung'ang'ania. Dume asiyehasiwa hutoa felinini nyingi kuliko jike au dume aliyehasiwa. Mwenye dume wa namna hiyo anayerusha mkojo ukutani aitumie fedha yake kwa daktari wa mifugo kabla ya kuingia duka la umeme, kwa kuwa hakuna kifaa kati ya hivi nitakavyovitaja kitakachoushinda ukuta uliolowa.

Tofauti hii ya harufu ndiyo inayoamua kifaa gani kinafaa. Amonia ni gesi ya molekuli ndogo, na kinachoweza kukamata misombo mizito ya salfa huenda kikaiachia amonia ipite kana kwamba hakuna kitu njiani.

Kisafisha hewa chenye chujio, na feni ya kuvuta hewa

Hivi viwili ndivyo vinavyostahili kulinganishwa kwa makini, kwa sababu vyote vinafanya kazi ya kweli, ila si kazi ileile.

Kisafisha hewa cha kawaida ni kasha lenye feni na tabaka mbili za chujio. Tabaka inayotangazwa zaidi ni ya HEPA, ambayo kwa kipimo chake rasmi hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Ni chujio zuri kwa vumbi la mchanga wa paka, kwa manyoya na kwa mtu mwenye mzio, lakini halizuii gesi, na harufu ni gesi. Kazi ya harufu hufanywa na tabaka ya pili, mkaa ulioamilishwa, ambao una vitundu vingi mno ndani yake na hunasa molekuli juu ya kuta za vitundu hivyo. Mkaa huu huinasa vizuri misombo ya salfa na ya indoli, na huwa hafifu kwa amonia isipokuwa umetiwa asidi maalumu kiwandani. Ndiyo maana mtu anaweza kununua mashine ya bei kubwa, akaona harufu ya kinyesi imetoweka, na bado akaamka na macho yanayowasha.

Kiasi cha mkaa nacho ni jambo la kuulizia. Mashine nyingi ndogo zina sifongo nyembamba iliyopakwa unga mweusi, ambayo hujaa ndani ya wiki chache. Zile za maana zina punje za mkaa ndani ya fremu, na ukiitikisa fremu utazisikia. Hapa kwetu kuna tatizo la ziada. Mvuke wa maji hugombania vitundu vilevile, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, hewa ya kando ya ziwa hubeba unyevu mwingi, hivyo mkaa huchoka mapema kuliko kitabu cha maelekezo kinavyoahidi. Chujio langu lililoandikwa kudumu miezi sita lilianza kunuka lenyewe mwezi wa tatu, na la kubadilisha lilinibidi niagize Dar es Salaam. (Mkaa wa kupikia uliowekwa kwenye soksi, kama wengine wanavyoshauri, haujaamilishwa, haudhuru, ila usitarajie makubwa kutoka kwake.)

Feni ya kuvuta hewa haichagui. Amonia, salfa, indoli, vyote hutoka nje kwa pamoja, na hakuna chujio la kununua tena. Lakini ubora wake unategemea sana mahali inapovuta. Nitoe hesabu ndogo. Feni ya kompyuta ya milimita 120, inayotumia volti 12, ikifungwa kwenye bomba lenye kona mbili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tuseme inabaki na mita za ujazo 30 kwa saa. Ukiiweka ili isafishe hewa ya chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 3, itahitaji zaidi ya saa nzima kuvuta ujazo wa chumba hicho mara moja. Ukiweka beseni ndani ya kabati la sentimita 60 kwa 50 kwa 50, ambalo ni lita 150, ukakata tundu la paka kuingilia na kuunganisha feni ileile upande wa juu, hewa ya kabati hubadilika kila baada ya sekunde 18. Harufu haipati nafasi ya kufika chumbani, kwa sababu hewa daima inaingia kwa tundu la paka na kutokea kwa bomba.

Kabati langu lilikuwa la viatu. Fundi aliyekuja kufunga bomba la PVC la inchi 4 alinikuta nimekwisha kuweka alama ya penseli kwenye dirisha la sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Bomba litokee hapa, upande wa ziwani, harufu isiwasumbue wapangaji wa uani."

Aliliangalia pazia, lililokuwa limejaa upepo na kuingia ndani kama tumbo. "Mama, mchana huu upepo wote unatoka ziwani. Ukitolea huku, ziwa litakurudishia kila kitu hapa hapa sebuleni."

Alikuwa na haki, na ni jambo ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya kifaa chochote. Kandokando ya Ziwa Viktoria nchi kavu hupata joto upesi mchana, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mwelekeo hugeuka. Feni ya wati chache haiwezi kushindana na upepo unaoingia moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba. Tulilitolea bomba upande wa pili, tukalipandisha kwa elbo hadi juu ya usawa wa madirisha, na mdomo tukaufunga kwa wavu wa mbu. Wavu huo una sababu yake nyingine, nayo ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi, ambao wakikuta taa na hewa yenye joto hujipenyeza popote. Ukiacha kuusugua wavu, utajaa mpaka feni iwe inazunguka bure. Na kisafisha hewa kilichowekwa karibu na dirisha lisilo na wavu hupatwa na maafa hayohayo kwenye chujio lake la nje.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta asikate tamaa. Mama mwenye nyumba wangu alikataa katakata habari ya tundu, kwa hiyo fundi alikata ubao wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 20, akausimamisha kwenye reli ya dirisha la aluminiamu la kusukuma, na bomba likapita humo. Siku ya kuhama, ubao unatoka na dirisha linabaki kama lilivyokuwa.

Kwa upande wa umeme tofauti ni kubwa. Kisafisha hewa cha wati 45 kinachowashwa usiku na mchana hula takriban uniti 32 kwa mwezi. Feni ya bafuni ya wati 20, ambayo wengi huichagua kwa kuwa inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, hula uniti 14 hivi. Feni ya kompyuta ya wati 2.4 haifiki uniti 2. Kwa mteja wa LUKU aliye kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, kisafisha hewa peke yake kitachukua zaidi ya sehemu mbili za tano za mgawo wake, na hilo linaweza kumvusha mpaka. Zaidi ya hapo, feni ya volti 12 huunganishwa moja kwa moja na betri ya sola. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 inaiendesha saa kumi na tano bila kushuka chini ya nusu, kwa hiyo umeme ukikatika jioni harufu haianzi upya.

Udhaifu wa feni nao upo. Paka husikia sauti za juu ambazo sikio la binadamu halizipati, na feni yenye beringi iliyochakaa humfukuza kabla wewe hujatambua kwamba ina kasoro. Mmoja wa paka wangu alikataa kabati kwa siku tano. Aliingia tu nilipoizima feni wiki nzima, kisha nikaiwasha mchana akiwa amelala kwingine. Na katika ghorofa ambayo bomba litatokea mbele ya roshani ya jirani, feni haiondoi tatizo bali inalihamishia kwa mwingine. Hapo ndipo kisafisha hewa chenye punje za mkaa kinapokuwa chaguo la haki, hata kwa gharama yake.

Ozoni, ioni na marashi ya kujipulizia

Ozoni ni hadithi ya fedha yangu mwenyewe iliyopotea. Kifaa kilikuwa kidogo, cha kuchomeka kwenye soketi, na kwenye kasha lake hapakuwa na neno ozoni hata mara moja; paliandikwa "oksijeni hai" na kuchorwa majani mabichi. Usiku wa kwanza harufu ya choo ilitoweka na pakabaki nyingine, kama ile ya baada ya radi kupiga karibu, nikaridhika. Siku ya tatu koo lilikuwa linakwaruza, paka mdogo anapiga chafya, na yule mkubwa ameanza kujisaidia nyuma ya kochi.

Sababu si fumbo. Ozoni huharibu inachokigusa, na mapafu ni miongoni mwa vinavyoguswa. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, limeeleza kwamba kwa viwango visivyohatarisha afya, ozoni haina uwezo mkubwa wa kuondoa uchafu wa hewa ya ndani. Maana yake, ili ifanye kazi inayotangazwa ni lazima iwe nyingi kiasi cha kudhuru. Jimbo la California haliruhusu kuuzwa kwa kisafisha hewa cha nyumbani kinachotoa zaidi ya sehemu 0.050 za ozoni katika sehemu milioni za hewa. Na hata ukiivumilia, kwa joto la chumbani inamenyana na amonia polepole mno. Tena sisi tunaotumia maranda ya msonobari badala ya mchanga tuna sababu ya ziada ya kuikwepa, kwa kuwa mafuta ya asili ya mti huo yakikutana na ozoni hutoa formaldehaidi. Neno la kulitafuta kwenye kasha ni "O3", "oksijeni hai" au ahadi yoyote ya "hewa ya baada ya mvua". Ukilikuta, rudisha kasha kwenye shelfu.

Vifaa vya ioni havihitaji maneno mengi. Huzipa chembe za vumbi chaji ya umeme ili zianguke au zing'ang'anie ukutani, gesi hazivihusu, na baadhi yake hutoa ozoni kidogo kama zao la ziada.

Vipuliziaji vya marashi vinavyojiwasha kila baada ya dakika kadhaa ndivyo rahisi kuliko vyote na ndivyo nisivyovipenda baada ya ozoni. Haviondoi chochote. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja misombo mingi iliyomo kwenye mafuta ya kunukia, na yanayoanguka kwenye manyoya yake atayalamba. Kuna hatari ya kuchanganya pia, kwa kuwa kasha hilohilo huweza kuwekwa mkebe wa dawa ya mbu, na permethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za wadudu, ni sumu kali kwa paka ingawa mbwa huistahimili.

Sanduku linalojisafisha

Hiki ni kifaa cha kiwango kingine cha bei, na wazo lake ni zuri: paka akishatoka, sensa hungoja dakika chache, kisha pipa linazunguka au reki inapita, mabonge yanaangukia droo iliyofungwa chini, na mchanga safi unabaki juu. Kwa harufu ya kinyesi matokeo yake yanapendeza. Kwa amonia inategemea droo, maana mkojo ulioganda unaendelea kuvunjika humo ndani, na usipoimwaga kila baada ya siku mbili tatu utaijua siku utakayoivuta.

Kikwazo chake Mwanza si mashine bali mchanga. Pipa la kuzunguka linahitaji mchanga wa udongo unaogandamana, bentonaiti, ili mkojo uwe bonge linaloweza kuchujwa. Mchanga wa ufukweni haugandi, maranda hayagandi, na pumba za mpunga ambazo wengi huzipata bure mashineni huziba chujio la pipa. Rafiki yangu anayeishi Capri Point hununua mfuko wa mchanga unaogandamana kila mwezi, na kwa mwaka mchanga huo unamgharimu kuliko umeme wa vifaa vyangu vyote pamoja. Kabla ya kuagiza, soma pia maandishi ya adapta: iliyoandikwa volti 100 hadi 240 itafanya kazi kwenye volti 230 za hapa kwa kubadilisha plagi tu, lakini iliyoandikwa 120 peke yake itaungua siku ya kwanza. Kwa nyumba yenye paka wadogo ningesubiri, kwa kuwa sensa nyingi hutambua uzito, na paka mchanga ni mwepesi kuliko kiwango cha chini cha nyingi za mashine hizi.

Jambo moja linaupa upande huu heshima ambayo feni haina. Vimelea vya toksoplazma vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo uchafu unaoondolewa kila siku ni salama zaidi kwa wote. Feni inaweza kumdanganya mtu: hakuna harufu, basi beseni linasahauliwa siku tatu. Mimi huzoa kila asubuhi kabla ya chai, feni iwepo isiwepo, na mjamzito wa nyumbani asiikaribie kazi hiyo. Beseni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni; dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwa sababu klorini na amonia vikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Nani achague nini

Mwenye chumba kimoja na sebule, paka mmoja au wawili na dirisha la kusukuma, namshauri kabati na feni ya volti 12, na fedha iliyobaki aweke kwenye betri. Mwenye nyumba yake mwenyewe anaweza kutoboa ukuta wa stoo au wa bafu na kufunga feni ya inchi 6, mradi beseni likae humo humo na mlango uwe na upenyo chini wa kuingizia hewa. Bila upenyo huo feni inaguna tu na haivuti kitu. Mkazi wa ghorofani asiye na pa kutolea bomba achukue kisafisha hewa chenye punje za mkaa, akiweke nusu mita kutoka kwenye beseni na si upande wa pili wa chumba, na ahesabu gharama ya chujio jipya kila baada ya miezi mitatu wakati wa mvua. Sanduku linalojisafisha ningemwachia anayesafiri mara kwa mara au aliye na mgongo usioinama, ikiwa amehakikisha kwanza kwamba duka lake la mchanga halikaukiwi.

Ukiisha kufunga chochote kati ya hivi, usikipime ukiwa umekaa ndani, maana pua huzoea harufu ndani ya dakika chache. Toka, nenda dukani au tembea mpaka stendi ya Nyegezi na kurudi, kisha fungua mlango na uvute pumzi ukiwa bado umesimama kizingitini.